Usukani wa Shemeji

Verediana aliijua Landrova ile kama anavyojua jiko lake. Alijua kwamba asubuhi inataka kubembelezwa mara mbili ndipo iitike ya tatu. Alijua gia ya pili haiingii mpaka uisukume kwa kiganja, na mlango wa kushoto haufungi mpaka uunyanyue kidogo. Gari lenyewe la zamani, bodi yake imepakwa rangi ya kijani kwa brashi, na lilipokohoa alfajiri mtaani Buzebazeba majirani waligeuka kitandani wakasema, "Haya, Mama Winfrida huyo anakwenda Katonga."

Ndiyo, mwanamke. Mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mikono myembamba, kitenge kimefungwa juu ya suruali. Na gari halina pawa, maana yake usukani unauzungusha kwa nguvu zako mwenyewe na za Mungu wako. Walikuwepo wanaume pale mwaloni Katonga, mitumbwi inaposhusha samaki, waliokuwa wakimwona anashuka wanachungulia ndani kumtafuta dereva. Wamtafute tu! Dereva ndiye huyo anayehesabu magunia ya dagaa.

Aliyemfundisha ni mume wake, Anatoli. Kisukari kilipomshika na mguu wake wa kulia ukafa ganzi, Anatoli hakutafuta kijana wa kumwendeshea. Alimweka mkewe kwenye usukani, yeye akakaa pembeni na mkongojo wake, wakaanza kuzunguka uwanja wa mpira. "Usipigane nalo," alimwambia. "Likiwa limesimama usikate usukani. Acha magurudumu yatembee kidogo, ndipo ukate. Ukiligombeza litakugombeza." Verediana alilia siku mbili za kwanza, siku ya tatu akaanza kucheka. Mwaka mmoja na nusu akapeleka dagaa na samaki wa migebuka Kidahwe na mbele yake, akirudi na mawese na maharage, na gari halikupata hata mkwaruzo mmoja. Anatoli alikuwa akimsifia mbele za watu mpaka mkewe anaona haya.

Kisha Anatoli akafa, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Usukani wa gari lile ulikuwa ule ule lililotoka nao kiwandani: duara kubwa, pana kama sinia la kulia watu sita, jeusi, jembamba. Ulikuwa umepasuka pasuka kwa jua na Anatoli aliuzungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira ule ulikuwa unachubua. Verediana alikuwa na sugu mbili viganjani, na siku ya msiba wanawake walipomshika mikono kumpa pole walizigusa, wakatazamana.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa Kidahwe, nyumbani kwa mama mkwe wake, Bibi Esther. Aliyeongoza kikao ni Mzee Leodgar, mdogo wake marehemu baba mkwe, mtu wa taratibu anayesema kila neno mara mbili. Gari lilikuwa na kadi ya jina la Anatoli, lakini wakati wa kulinunua baba yake aliuza shamba la michikichi kumsaidia, na shamba hilo ukoo haukulisahau hata siku moja. Kwa hiyo Mzee Leodgar akasema hivi: gari libaki kwa mjane, asomeshe mtoto. Lakini kwa sharti. Aliendeshe mwenyewe. Kiti cha Anatoli hakitakaliwa na dereva wa kuokota mjini. Siku mjane atakaposhindwa, ataliendesha mtu wa damu.

"Nimesema aliendeshe mwenyewe," akarudia Mzee Leodgar. "Akishindwa, mtu wa damu."

Mtu wa damu mwenye leseni alikuwa mmoja tu, naye alikuwa amekaa pale, mikono juu ya magoti. Feliksi, mdogo wake Anatoli, dereva wa malori miaka kumi na tisa. Tajiri wake alikuwa ameuza lori miezi mitano nyuma, na tangu hapo Feliksi alikuwa akishinda kijiweni anaangalia malori ya wenzake yakipita kwenye lami. Verediana alimtupia jicho akidhani atamwona amenuna. Hata! Feliksi alikuwa anatabasamu. Alisimama, akakohoa, akaenda kwenye pikipiki aliyokuja nayo, akarudi na kitu kimefungwa kwenye gazeti.

"Mimi sina mengi," akasema. "Kaka yangu alimpenda mke wake. Na mimi nimeona mikono ya shemeji yangu. Mwanamke kushika duara lile lililopasuka ni mateso. Nimemtafutia huu, wa mikono yake."

Akafungua gazeti. Usukani mdogo, mpya, wa ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, vyuma vitatu vya katikati vinang'aa mpaka unaweza kujitazama. Ni wale wanaofungwa kwenye magari ya vijana wa mjini wanaopenda mbio. Pamoja nao kulikuwa na kikombe cha chuma cha kuunganishia, ili uingie kwenye shafti ya Landrova. Wanawake walipiga vigelegele. Bibi Esther alifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu ana roho," akasema, na nani angembishia?

Verediana alipiga goti kidogo, akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru. Tuseme ukweli: alifurahi. Laini ilivyokuwa ngozi ile! Alipitisha kiganja chenye sugu juu yake akajiona na yeye ni mtu aliyefikiriwa. Na kwenye ukoo ule kuna jambo moja ambalo hata mtoto analijua: kilichotolewa mbele ya watu siku ya kuondoa matanga hakirudishwi wala hakiwekwi pembeni mpaka misa ya mwaka ipite. Kikiwa kitenge kinavaliwa, kikiwa mbuzi anafugwa. Kukiweka pembeni ni kumtemea mate marehemu.

Jumamosi Feliksi alikuja Buzebazeba kuufunga kwa mkono wake. Alifanya kazi kwa utaratibu, huwezi kumsema kwa hilo. Alinyoosha magurudumu ya mbele yakatazama mbele sawasawa. Akabandua kifuniko cha katikati, akachomoa waya wa honi, akapiga alama ya chaki kwenye shafti ili ajue pa kurudishia. Akaingiza spana kwenye nati kubwa ya katikati, akailegeza lakini hakuitoa yote. "Ona, shemeji," akasema, "nati unaiacha mwishoni mwa nyuzi. Usukani huu umeng'ang'ania miaka arobaini. Ukiitoa yote halafu ukavuta, ukichomoka unakung'oa meno." Akakaa, akavuta huku na huku, akiutikisa kwa magoti, mpaka ukalia *ka!* ukaachia. Verediana alikuwa amesimama mlangoni ameshika taulo na maji ya kunawa, anatazama kila kitu. Alipenda kujua mambo.

Akavisha kikombe, akavisha usukani mdogo, akafunga skrubu sita moja moja, akaunganisha honi. Ikalia. Watoto wa jirani wakashangilia. Ule mkubwa akauweka nyuma ya pikipiki yake, akaufunga kwa mpira. "Huu nakuondolea takataka," akasema.

"Zunguka nao kidogo, shemeji, uujaribu," Verediana akamwambia.

"Aa, dereva ni wewe," akajibu Feliksi, akanawa mikono, akaondoka.

Verediana akapanda. Usukani ulimkaa vizuri, hausumbui magoti, unapendeza. Akawasha, akatoka, akajaribu kukata kona ya kwanza pale kwenye duka la muuza mkaa. Gari halikukata. Akaongeza nguvu, likakata nusu. Ilibidi asimame, arudi nyuma, aanze tena, muuza mkaa akimtazama mdomo wazi. Alipompigia Feliksi simu, Feliksi alicheka kwa upole. "Ni mpya, shemeji. Kila kitu kipya kinakaza. Utalegea."

Haukulegea. Utalegea wapi?

Wiki ya kwanza bega la kulia liliuma. Wiki ya pili yaliuma yote mawili, akawa hawezi kunyanyua mkono kusuka nywele. Gari likiwa tupu alihangaika, likiwa na magunia ishirini ya dagaa ilikuwa vita. Pale mwaloni Katonga, mahali ambapo zamani alikuwa akipiga rivasi katikati ya wabeba mizigo na mabeseni bila mtu kusogeza mguu, sasa alihitaji watu wamwelekeze kama mwanafunzi. "Mama, kata! Kata kushoto! Mama, hukati!" Anakata, mwili wote umesimama juu ya kiti, jasho linamtoka, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Siku moja alisaga beseni la migebuka la mwanamke mwenzake. Alilipa na kuomba radhi, na yule mwanamke akamwambia kwa huruma, neno lililomchoma kuliko tusi, "Umri huo, dada. Tafuta mtu akuendeshee."

Na yeye akaanza kuamini. Hapo ndipo mimi huwa nashikwa na hasira, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha aamini. Alijitazama kwenye kioo cha gari usiku wa siku ile akaona mwanamke aliyekonda. Akasema pengine mwaka ule na nusu alikuwa anaendeshwa na sifa za Anatoli, na Anatoli ameondoka nazo. Pengine mikono yake haikuwa na nguvu yoyote tangu mwanzo. Alipewa usukani mdogo, wa mikono ya mwanamke, na huo nao umemshinda. Alilia peke yake kama mtu aliyegundulika mwizi.

Mwezi wa pili akaangukia mtaroni. Ilikuwa kwenye barabara ya vumbi inayotoka kwenye lami kuingia Kidahwe, kona ile yenye korongo upande wa kulia. Alikata kulia kwa nguvu zote, bega likamsaliti, vyuma vile vinavyong'aa vikamteleza mkononi. Bahati, akaingia mtaro wa kushoto na si korongo la kulia. Hakuumia. Magunia manne yalipasuka, dagaa wakamwagika, kuku wa kijiji kizima wakaja kula sikukuu. Kabla hajashuka, habari zilikuwa zimeshafika kwa Bibi Esther.

Feliksi alifika wa kwanza. "Mwakeye, shemeji," akamwamkia, kwa Kiha, kwa sauti ya msibani. "Pole sana. Si nilikuambia taratibu?" Alikuja na vijana, wakalisukuma gari likatoka. Halafu akaegemea boneti. "Mimi sisemi kitu. Lakini mtoto ana mama mmoja tu sasa. Ukiona mzigo umekuzidi, uko mlango wa kubisha."

"Nirudishie ule usukani wa zamani, shemeji," Verediana akamwambia. Hakuwa anashuku lolote. Aliukumbuka tu. "Ule nilikuwa nimeuzoea."

"Ule? Nilishamuuzia mtu wa Kasulu," akasema Feliksi. "Na wazee wataelewaje ukitupa zawadi?"

Siku tatu baadaye Verediana alilipeleka gari Ujiji kwa fundi Mwinshehe. Hakwenda kwa ajili ya usukani. Alidhani mtaro umekunja vyuma vya mbele, alitaka avitazame. Mwinshehe ni mzee wa Kiujiji wa miaka sitini na kitu, kofia ya kitambaa haimtoki kichwani hata akiwa chini ya gari, na amefungua na kufunga Landrova tangu zilipokuwa nyingi kuliko mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na msiba, Anatoli alikuwa mtu wangu." Akainama chini ya gari, akatikisa, akagonga, akatoka akijifuta mikono. "Chini huku salama. Tatizo lako nini?"

"Halikati. Nguvu zimeniishia, mzee. Nazeeka."

Mwinshehe akafungua mlango akachungulia. Akaona usukani mdogo. Akaanza kucheka, kicheko cha kikohozi, akijipiga paja. "Alaa! Nani kaleta mchezo huu? Huu ni wa vigari vya vijana, vyenye pawa! Wallahi, mwanangu, unaendeshaje..." Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akanyamaza.

"Ni mdogo," akasema Verediana. "Wa mikono ya mwanamke."

Mzee akachukua spana fupi, akaibana kwenye nati ya gurudumu la lori lililokuwa limeinuliwa pale kwenye mawe. "Hebu fungua."

Verediana akavuta. Nati haikutikisika. Akavuta tena mpaka akasikia bega linalia.

Mwinshehe akachukua kipande cha bomba la maji, urefu wa mkono, akakivisha kwenye mpini wa spana. "Haya. Tena. Shika mwisho wa bomba."

Verediana akashika, akasukuma kidogo tu. Nati ikazunguka. Karibu aanguke.

"Nati ni ile ile," akasema mzee. "Mkono ni ule ule. Basi usukani nao ni spana, mwanangu, si kitu kingine. Kwenye gari lisilo na pawa, upana ule ndio nguvu. Wazungu waliotengeneza duara kubwa vile hawakuwa wajinga. Ukipunguza upana, unachukua nguvu za dereva unazitupa. Huo hata mimi nilipokuwa kijana nisingeuweza na mzigo. Hakuna dereva asiyelijua hili. Nani kakufungia, fundi gani?"

"Si fundi. Ni shemeji yangu. Ni dereva."

"Wa nini?"

"Malori. Miaka kumi na tisa."

Mwinshehe alishusha macho, akaanza kuchomoa bomba kwenye spana polepole sana. Verediana alikaa juu ya tairi bovu. Mambo yalimjia moja moja, kwa zamu: gazeti, vigelegele, machozi ya mama mkwe. Dereva ni wewe. Utalegea. Mlango wa kubisha. Hakulia. Hasira iliyompanda ilikuwa kubwa mno, machozi hayakupata njia. Miezi miwili aliichukia mikono yake mwenyewe, mikono iliyomlea mtu mgonjwa, na kumbe mikono haikuwa na kosa!

Nyuma ya gereji, kwenye majani, ilikuwepo bodi ya Landrova iliyokufa zamani, na usukani wake ulikuwa mzima, mkubwa, mweusi. "Wa mwisho niliobaki nao," Mwinshehe akasema. "Nyingine zote zimekatwa chuma chakavu." Verediana aliununua kwa debe la dagaa, akasimama hapo hapo mpaka ukafungwa. Aliporudi Buzebazeba alikata kona ya muuza mkaa kwa mkono mmoja, na mwingine ameutoa dirishani. Muuza mkaa akampungia.

Siku kumi aliendesha hivyo, bega likapona, Katonga wakaacha kumpigia kelele. Usukani mdogo aliuweka nyuma ya kiti, umefungwa kwenye kanga. Halafu Feliksi akaliona gari likipita, akaona duara kubwa kwenye kioo, na jioni ile ile simu ya Mzee Leodgar ikaita. Kikao Jumapili, baada ya misa. Aje na gari.

Alifika mapema kidogo. Feliksi alikuwa peke yake uani, anapanga viti. Verediana akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima zote za shemeji. "Nataka kujua jambo moja tu. Ulijua?"

Feliksi alitazama kulia na kushoto. "Mjane akinyang'anywa, wanaulizwa ndugu wa marehemu," akasema, naye kwa sauti ya chini, bila kukasirika. "Mimi sikukunyang'anya. Nilikupa, mbele ya watu. Kupewa ukashindwa ni kwako, na kupewa ukatupa ni kwako vilevile." Akaendelea kupanga viti.

Ndipo Verediana akaelewa kwamba mtego ulikuwa na midomo miwili. Angebaki na usukani mdogo, ameshindwa. Ameutoa, amedharau. Akikaa, akisimama, gari limekwenda.

Kikao kilipoanza hakuna aliyetaja kuendesha. Kilichotajwa ni zawadi. Bibi Esther alilia kabla ya yeyote kusema, akauliza mwanawe amekosa nini kaburini hata zawadi ya matanga yake iwekwe pembeni kabla ya mwaka. Verediana alisimama akaeleza. Alieleza spana, alieleza bomba, alieleza jembe la mpini mfupi na la mpini mrefu lipi linachosha mgongo. Wazee walimsikiliza kama wanavyomsikiliza mtu mwenye homa. Mmoja akamnong'oneza mwenzake: kitu kidogo kiwe kizito kuliko kikubwa? Wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Basi mwambieni yeye aendeshe na ule mdogo," Verediana akasema, na sauti ilimpanda. "Sasa hivi! Pakieni magunia ishirini, aende mpaka kwenye kona ya korongo na kurudi. Mtajionea!"

"Hatukuja kuchezea magari," akasema Mzee Leodgar. "Mwanangu, mimi sijui magari. Najua zawadi. Shemeji yako alikupa, tuliona wote, ulipokea, tuliona wote. Una njia mbili. Rudisha alichokupa mahali pake uendeshe nacho mpaka misa ya mwaka. Au leta ufunguo, mtu wa damu aendeshe, na mtoto atasomeshwa humo humo. Nimesema njia mbili."

Najua utasema: aende mahakamani, sheria ipo. Ipo, na hata yeye alilifikiria hilo pale pale akiwa amesimama. Lakini mahakamani huendi na ukoo ukarudi nao. Shamba lake la maharage lipo Kidahwe, kaburi la Anatoli lipo hatua thelathini kutoka pale kwenye viti, na Winfrida, anayesomea uuguzi Tabora, siku atakapoposwa watakaoketi kupokea wageni ni wazee hawa hawa. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, na hawakusema kwamba kupisha hakuumi.

Aliifikiria ile kona. Misa ya mwaka ilikuwa imebaki miezi saba. Miezi saba ya usukani mdogo na magunia ishirini, na mtaro haupo kila siku upande unaoutaka. Siku moja lingekuwa korongo.

"Sawa, baba," akasema. "Nimesikia."

Akaenda kwenye gari. Walidhani amefuata ufunguo, na Feliksi alikuwa ameshasimama, anajifuta viganja kwenye suruali. Verediana akainama chini ya kiti akatoa spana. Akabandua kifuniko cha katikati. Akachomoa waya wa honi. Akaingiza spana kwenye nati, akashika mwisho kabisa wa mpini, akailegeza mpaka kwenye nyuzi za mwisho, akaiacha hapo. Akakaa, akavuta huku na huku, anautikisa kwa magoti. Watu wakaanza kusogea. "Anafanya nini huyu?" Usukani ukalia, ukaachia. Akamalizia nati kwa vidole, akautoa, akashuka nao umemning'inia begani. Kule ndani ikabaki shafti tupu imechomoza.

Alikuwa analia sasa, waziwazi, hata hakujifuta. Mwaka mmoja na nusu kwenye kiti kile na yule mtu wake pembeni na mkongojo! Akafungua kanga, akauweka usukani mdogo juu ya kiti cha dereva, na kile kikombe chake, na skrubu zake sita, hakuna iliyopungua. Akampa Mzee Leodgar ufunguo.

"Gari ni la ukoo, baba," akasema. "Huu nilinunua kwa dagaa wangu."

Feliksi alikuwa ameinama dirishani, anatazama kile kilicholala juu ya kiti. Hakukigusa. Verediana alikuwa ameshafika barabarani, duara jeusi likimgonga mgongoni, Bibi Esther alipomwita kwa sauti ya kukasirika na kushangaa pamoja.

"Mama Winfrida! Sasa na lidude hilo utaendesha nini?"

Akageuka.

"Sitaendesha kitu, mama. Lakini kuanzia leo na yeye ataendesha na ule ule alionipa mimi."